Kabla Hujachomeka: Modemu, Laini ya Simu na Vibali Vinavyochanganywa

Kila baada ya wiki mbili tatu huwekwa mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kifaa chenye taa na antena, na swali huwa lile lile: "Fundi, modemu hii inaruhusiwa?" Kimepita mpaka wa Manyovu kikitokea Bujumbura, au shemeji kaja nacho kutoka Dubai, au kimenunuliwa Kariakoo kikasafiri na mzigo wa treni hadi mwisho wa reli. Mwenye nacho anataka ndiyo au hapana, tena upesi, bodaboda inamsubiri nje. Mimi namjibu kwa maswali, na najua inaudhi.

Shida iko kwenye neno "inaruhusiwa". Limebeba mambo ambayo sheria imeyatenganisha: kifaa chenyewe kama aina, mtu aliyekiingiza nchini na kukiuza, fundi anayekifunga, na kazi utakayokifanyia. Modemu inaweza kuwa safi kabisa ila aliyekuuzia hana leseni. Inaweza kuwa safi, ya muuzaji safi, ikafungwa na fundi safi, kisha ikakufikisha mahakamani kwa sababu ya ulichoipitishia. Na iko ile ambayo haikupaswa kugusa laini tangu ilipotoka kiwandani. Anayeyachanganya haya huishia kuogopa kisichoogopesha na kuchezea kinachoua.

Nianze na kinachoua, maana ndicho kilichozaa mengine yote.

Simu ya mezani haichomekwi kwenye umeme, lakini inaongea. Umeme wake unatoka kituo cha simu, kwenye safu ya betri za volti 48, unakuja kwa jozi ile ile ya waya inayobeba sauti. Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla gridi ya taifa haijatufikia, na waliokuwa na simu ya mezani wanakumbuka: mji uko gizani, simu inaita kama kawaida. Ukiinua mkono wa simu, mkondo mdogo wa miliampia 20 hadi 60 hivi unaanza kupita, na kituo kinajua unataka kupiga. Ukiurudisha, mkondo unakatika na laini inahesabiwa iko huru. Simu ikiingia, kituo kinasukuma umeme wa namna nyingine, wa kwenda na kurudi, volti 75 hadi 90 hivi, mara 20 au 25 kwa sekunde. Huo ndio unaogonga kengele. Huo pia ndio unaomfundisha fundi mwanafunzi kwamba waya wa simu haumenywi kwa meno. Ikiita akiwa nao mdomoni, somo halirudiwi.

Sasa ingiza modemu kwenye mpango huo. Mkono mmoja umeshika laini ya simu. Mkono wa pili umeshika kompyuta, na kompyuta imeshika umeme wa volti 230 ukutani. Siku hitilafu ikitokea kwenye adapta ya shilingi elfu saba, kitakachozuia umeme wa ukutani kupanda kwenye laini, kutoka nje, kufika kwenye nguzo ambako kijana wa kampuni yuko juu ya ngazi na koleo mkononi, ni kipande kidogo cha ubao ndani ya modemu yako. Hakuna kingine.

Kipande hicho kinaonekana kwa macho. Fungua modemu ya zamani ya laini, ile ya kisanduku, uitazame ubao wake kwa juu. Karibu na tundu la simu kuna vitu vichache vimejitenga na kundi: kitransfoma cheusi cha mraba, ukubwa wa jojo, kidude chenye miguu minne kinachopitisha taarifa kwa mwanga, kapasita mbili za bluu zilizobapa kama mbegu za ukwaju. Kati ya hivyo na sehemu nyingine ya ubao kuna mfereji, ukanda mtupu wenye upana wa penseli, usio na hata mstari mmoja wa shaba. Sauti inauvuka mfereji kwa sumaku, habari ya kengele inauvuka kwa mwanga, umeme wenyewe unabaki ng'ambo. Maabara ya upimaji huweka zaidi ya volti 1,000 kati ya kingo mbili za mfereji huo na kungoja kuona kama kuna kitakachoruka.

Nimewahi kufungua nyingine, ya jina la kubuni, iliyokuwa na stika nzuri kuliko zote nilizoziona. Transfoma ilikuwepo. Lakini nilipogeuza ubao nikakuta mstari wa shaba umepita katikati ya mfereji, na umbali wake na mstari wa jirani hauzidi unene wa ukucha. Aliyeichora alijua transfoma huwa inakaa pale. Kwa nini inakaa pale, hakujua, au hakujali.

Kosa langu mwenyewe nalo nilisimulie. Ofisi moja hapa mjini ilipata msaada wa kompyuta kutoka ng'ambo, na ndani ya boksi kulikuwa na modemu mbili. Niliichomeka moja bila kuigeuza kutazama chini. Ilikwenda vizuri hadi mvua za Novemba. Anayeijua Kigoma anajua radi zetu. Ukanda huu wa Ziwa Tanganyika na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi. Ikapiga karibu na nguzo, ikafuata waya, ikapitia modemu, ikaingia kompyuta, ikatokea kwenye printa. Hakuna aliyeumia, ilikuwa Jumapili. Jumatatu nikaokota modemu ile, nikaigeuza, nikakuta pembetatu nyekundu.

Pembetatu hiyo ni lugha ya Uingereza. Kule, vifaa vilivyopimwa na kuruhusiwa kuunganishwa na mtandao wa simu vilibandikwa duara la kijani. Ambavyo havijaruhusiwa viliweza kuuzwa, lakini vikiwa na pembetatu nyekundu na onyo kwamba ni marufuku kuvichomeka kwenye mtandao wa umma. Yaani mnunuzi alikuwa ameambiwa. Mimi pia nilikuwa nimeambiwa, kwa rangi nyekundu. Kuwa mkweli, hata modemu ya duara la kijani huenda ingeungua siku ile, radi haisomi vyeti. Tofauti ni kwamba huenda ingeungua peke yake, bila kuvuta kompyuta na printa.

Usalama wa umeme ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili inamhusu jirani.

Jozi yako ya waya haitembei peke yake hadi kituoni. Imesokotwa pamoja na jozi nyingine makumi kwa mamia ndani ya kebo moja. Ukipiga kelele kupita kiasi kwenye jozi yako, sauti inavuja kwa wenzako. Mwalimu mstaafu wa Ujiji anaongea na mwanawe, anasikia kwa nyuma mlio kama nyenje: ni modemu yako. Ndiyo maana kila nchi iliweka kikomo cha nguvu ya mawimbi. Marekani kwa miaka mingi kikomo cha kawaida cha modemu kilikuwa desibeli 9 chini ya miliwati moja, ambayo ukiipiga hesabu ni kama sehemu moja ya nane ya miliwati. Ni nguvu ndogo ajabu. Na kikomo cha namna hiyo ndicho kilichofanya zile modemu zilizoandikwa "56K" zisiifikie kamwe namba iliyo kwenye boksi lake kule Marekani: kanuni za nguvu ziliziwekea mwisho wa kilobiti 53.3 kwa sekunde. Tulizinunua kwa jina la 56, tukalaumu laini mbovu. Laini ilikuwa mbovu kweli, lakini hata ingekuwa mpya ya dhahabu, kwa kanuni zile 56 isingefika.

Kisha kuna adabu. Modemu ni mashine, haichoki. Ukiipa namba iliyokosewa tarakimu moja, itampigia bibi wa watu saa nane usiku, atapokea, atasikia filimbi, atakata. Baada ya sekunde kumi itampigia tena, na tena, hadi kunakucha. Kwa hiyo nchi nyingi zilidai modemu ihesabu majaribio, ipumzike kati ya jaribio na jaribio, na ikishindwa mara kadhaa iifungie namba hiyo. Mlio wa laini nao hutofautiana nchi kwa nchi. Modemu iliyozoea mlio wa kwao ikiletwa kwetu hukwambia hakuna mlio, na wewe unausikia wazi kwenye simu. Mafundi wa zamani tuliponya hilo kwa amri ya ATX3, inayoiambia ipige bila kungoja mlio. Tulijiona wajanja. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaiziba masikio, ili iweze kubonyeza namba hata katikati ya mazungumzo ya mtu mwingine aliyeinua simu chumba cha pili. Njia ya haki ilikuwa kuipangia nchi yake ndani ya programu, ibadilishe milio, nguvu na mapumziko kwa pamoja.

Sasa, nani aliamua kwamba mwananchi anaweza kuchomeka kifaa chake mwenyewe? Zamani jibu lilikuwa fupi: haiwezekani. Marekani, kampuni ya AT&T ilimiliki waya, kituo na hata simu iliyo sebuleni kwako. Ilifika mahali pa kupinga kikombe kilichobandikwa kwenye mdomo wa simu ili mtu aongee faragha. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1956 wenye kikombe wakashinda. Halafu akaja Thomas Carter wa Texas na kifaa chake cha Carterfone, kilichounganisha redio za mawasiliano na simu ili watu walioko mbali kwenye visima vya mafuta waongee na mjini. Hakikugusa waya hata mmoja. Mkono wa simu ulilazwa juu yake, sauti ikapita hewani. Mwaka 1968 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikasema kifaa kisichoudhuru mtandao kisizuiwe.

Kampuni ikajibu kwa ujanja ninaouheshimu: sawa, leteni vifaa vyenu, ila lazima vipitie kisanduku chetu cha kinga, na kisanduku mtakikodi kila mwezi. Hali hiyo iliendelea hadi FCC ilipopitisha kanuni mwaka 1975, zinazojulikana kama Sehemu ya 68, zilizosema kinga iwekwe ndani ya kifaa chenyewe, kipimwe, kisajiliwe, kiwe na plagi ya aina moja, basi kichomekwe. Mfereji niliokuonyesha juu ni mtoto wa kanuni za aina hiyo. Watu huona kibali cha kifaa kama kufuli la serikali. Kilizaliwa kama ufunguo: kabla yake ungetumia cha kampuni au usitumie kabisa.

Kwetu njia ilikuwa tofauti lakini ilifika mahali pale pale. Enzi za Posta na Simu, simu ililetwa na shirika na fundi wa shirika ndiye aliyeigusa. Mwaka 1994 shirika likagawanywa, kampuni ya TTCL ikabaki na simu, na kazi ya usimamizi ikakaa kwa chombo kingine, Tume ya Mawasiliano. Mwaka 2003 ikatungwa sheria iliyounda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, ile wanayoiita EPOCA. Hiyo ndiyo inayotugusa leo, iwe modemu yako ni ya waya au ya laini ya simu ya mkononi.

Chini ya sheria hiyo, kifaa cha mawasiliano kinapaswa kuwa cha aina iliyoidhinishwa na TCRA. Hapa ndipo wateja wangu wengi wanapokosea. Kinachoidhinishwa ni aina, yaani modeli. Kipande ulichokishika mkononi hakiombewi cheti chake. Mtengenezaji au mwakilishi wake ndiye anayepeleka maombi, vielelezo vya kiufundi, matokeo ya maabara kuhusu usalama wa umeme, mawimbi na usumbufu kwa vifaa vingine, na ada. Modeli ikipita, kila kipande halisi cha modeli hiyo kimepita. Wewe wa Gungu mwenye modemu moja ya kusomea watoto huna haja ya kufunga safari kwenda kuomba cheti. Lakini ukiingiza boksi za kuuza, umekuwa mwagizaji na msambazaji, na hapo kuna leseni yake. Na anayefunga na kutengeneza vifaa hivi kwa biashara naye ana leseni yake. Nasema hili nikijua mafundi wenzangu kadhaa watanuna.

Turudi kwenye ile stika ya modemu ya jina la kubuni, maana watu huisoma kama hirizi: alama zikiwa nyingi, kifaa ni kizuri. Alama ya CE ni tamko la mtengenezaji kwamba kifaa kinafuata masharti ya Umoja wa Ulaya. Mara nyingi anajitamkia mwenyewe, na tamko hilo linasema Ulaya, halisemi Tanzania. Namba ya FCC mara nyingi inahusu kanuni za mawimbi, kwamba kifaa hakiharibu redio ya jirani. Haina uhusiano na laini ya simu. Kwenye modemu za waya za Marekani ukitaka habari ya laini unatafuta mstari mwingine, unaoanza na US na nukta mbili. Ndani ya mstari huo kuna tarakimu mbili zinazoeleza uzito wa kengele, yaani kiasi cha nguvu ya kengele ambacho kifaa hicho kinakula: ukiona 03, ni 0.3. Kituo kinatoa nguvu ya kengele ya kutosha jumla ya 5 hivi kwa laini moja kule kwao, 4 kwa Uingereza. Ukichomeka simu, faksi, modemu na mashine ya kujibu kwenye laini moja, jumla ikazidi, kengele zote zinaanza kulia kwa unyonge au zinanyamaza kabisa. Nimemwona mzee mmoja akibadilisha simu tatu akidhani ni mbovu, kumbe zilikuwa zinagombania chakula kimoja. Vibali vya Burundi na vya Kongo navyo, hata vikiwa vya kweli, ni vya kwao. Kuvuka Manyovu hakuvigeuzi kuwa vya TCRA.

Siku hizi, najua, modemu nyingi zinazoletwa hazina waya wa simu. Zina nafasi ya laini ya simu ya mkononi, ile kadi ndogo, na mtandao wa simu zinaugusa kwa mawimbi. Masharti ni yale yale yaliyovaa nguo nyingine. Badala ya nguvu kwenye jozi ya shaba, kuna nguvu hewani. Badala ya mlio wa laini, kuna masafa: mitandao yetu ilijengwa juu ya megahezi 900, 1800 na 2100, na modemu iliyotengenezwa kwa ajili ya 850 na 1900 za Marekani itakaa dirishani ikikutazama. Na badala ya namba ya usajili, kuna IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa.

IMEI ina tarakimu 15. Nane za kwanza zinataja modeli, sita zinazofuata ni namba ya kipande chako, ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Kwenye simu unabonyeza *#06#. Modemu haina vitufe, kwa hiyo tazama chini ya betri au ndani ya ukurasa wake wa mipangilio, kisha utume namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu likitaja modeli tofauti na uliyoishika, una kifaa kilichoazimwa jina. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba hizi hizi, na modemu haina kinga maalumu.

Wateja huchanganya mambo mawili hapa. Kufungua modemu iliyofungiwa kwa kampuni moja ili ikubali laini ya kampuni nyingine ni jambo moja. Kubadili IMEI ni jambo lingine kabisa, ni kosa la jinai chini ya EPOCA, hata kama kijana wa pembeni anayafanya yote mawili kwa kompyuta ile ile na bei ile ile.

Nitapita haraka kwenye laini yenyewe, ile kadi: ikiwa ndani ya modemu, ndani ya kifaa cha kufuatilia boti, ndani ya mita, bado ni laini na lazima isajiliwe kwa alama za vidole za mtu anayeeleweka. Mwenye mitumbwi Kibirizi aliyeweka vifuatilizi vitano kwa laini za mpwa wake aliyehamia Tabora atapata taabu siku mpwa akizifuta.

Busta, yaani vikuza mawimbi, nazo zina kisa chao. Vijiji vya kandokando ya ziwa mawimbi yanasuasua, na ukienda Kagunga simu inaweza kukukaribisha Burundi ukiwa umekaa Tanzania. Mtu ananunua kikuza mawimbi, antena juu ya mwanzi, kisanduku ndani ya nyumba. Kwake inakuwa sherehe. Lakini kikuza mawimbi kibovu hukuza pia kelele, na kelele hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye masikio ya mnara. Mnara uliokuwa unasikia watu wa kilomita nyingi unaanza kusikia walio karibu tu, na kijiji cha pili kinapotea mtandaoni bila kujua kimelogwa na nani. Ni ile ile ya nyenje kwenye simu ya mwalimu mstaafu. Kifaa hiki kinahitaji idhini kama vingine, na mwenye mnara anapaswa kukijua.

Na sasa lile la nne nililolitaja mwanzoni, kazi unayokifanyia kifaa. Ndugu zetu wengi wako Bujumbura, Uvira, Kalemie. Akikupigia, unatarajia kuona +257 au +243. Siku nyingine anapiga, sauti ni yake, lakini kiooni kuna namba ya kwetu inayoanza na 07 usiyoijua. Simu hiyo imesafirishwa kwa intaneti, ikafika kwenye kisanduku chenye laini kumi, thelathini, mia, kisha ikatoka tena kama simu ya ndani. Gharama halali ya simu ya kimataifa imekwepwa, mpigaji halisi hajulikani, na laini zilizotumika zimesajiliwa kwa majina ya watu wasiojua lolote. Serikali ilisimika mtambo wa kufuatilia trafiki ya simu, TTMS, na kuwabaini wa aina hii ni mojawapo ya kazi zake.

Mwaka jana kijana aliniletea kisanduku cha namna hiyo, kipya, kwenye boksi lake. Aliamkia vizuri. "Shikamoo mzee. Nataka kujua kama kinaruhusiwa." Marahaba, nikamwambia, cha kazi gani? Akasema cha kuwatumia watu ujumbe, shule yao ina wazazi wengi. Inawezekana kabisa, vifaa hivi hutumika hivyo. Nikamuuliza mbona shule inataka antena 32 na mstari wa intaneti wa kasi usiku kucha. Akafunga boksi polepole, akaaga kwa adabu ile ile aliyoingia nayo. Kuuza intaneti kwa nyumba za jirani kupitia modemu yako nako ni kutoa huduma, na huduma ina leseni yake, ingawa anayefanya hivyo angalau hajifichi.

Waliofungiwa faiba majumbani huniambia haya yote hayawahusu, waya wao hauna umeme. Kweli hauna. Lakini kile kisanduku cheupe ukutani kinashiriki uzi mmoja wa kioo na majirani, mara nyingi nyumba 32 au 64. Kurudi kituoni kila kisanduku hupewa zamu yake ya kuwasha mwanga, sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha kinazima ili mwingine aongee. Cha bandia, au kilichoharibika, kikibaki kimewasha muda wote, kituo hakisikii mtu mwingine. Mtaa mzima unapoteza intaneti, mafundi wanazunguka nyumba kwa nyumba, na mwenye kisanduku ndiye wa mwisho kushukiwa kwa sababu taa yake ni ya kijani.

Kwa hiyo ukitaka kutoa kisanduku cha kampuni uweke ulichonunua, wapigie kwanza, uwasomee modeli na namba iliyo kwenye stika ya chini, usubiri waiingize kwenye mfumo wao. Wakisema hawaitambui, irudishe dukani siku hiyo hiyo, risiti ikiwa bado mfukoni.